Bloga Akipenda Kampuni Vibaya, Unaweza Amini Riviu Yake?

Wacha tuanze na wewe. Ni saa tano usiku, uko kwa keja, uko na thao ishirini na kitu umekuwa ukichanga tangu Januari, na umefungua YouTube unacheki ni simu gani utanunua. Msee wa kwanza anasema hii ndio simu ya mwaka. Wa pili anasema hivyo hivyo. Wa tatu amevaa tisheti ya kampuni. Bando inaelekea kuisha na bado hujui kama unaelezwa ama unauziwa.

Mimi niko upande ule mwingine wa hiyo skrini. Kuandika hizi vitu ndio kazi yangu. Koleji niliacha njiani, sina makaratasi ya uandishi wala ya kompyuta, lakini nimeandika riviu za simu za kutosha kujua jikoni kunapikwaje. Na kuna swali moja watu huniuliza kila mara: msee anajulikana wazi ni mtu wa Apple, ama wa Samsung, ama wa Tecno, huyo anaweza kukushow ukweli kampuni yake ikikosea?

Anaweza. Saa zingine ndiye atakushow mapema kuliko wote. Mapenzi huwa si shida kubwa vile watu wanafikiria. Shida ni kile kitu atapoteza siku akifungua mdomo, na hiyo watu huwa hawaulizi.

Cheki stori ya John Gruber. Kama wewe ni mtu wa Apple unamjua. Kama humjui, ni Mmarekani mwenye blogu inaitwa Daring Fireball, ameiandika tangu 2002. Ndiye pia alitoa Markdown mwaka wa 2004. Zile nyota nyota unaonanga ukinakili maneno kutoka ChatGPT? Hiyo ndio Markdown. Anyway, huyu msee hajifichi. Anapenda Apple, anaandika sana kuhusu Apple, na wanaomsoma ni watu wanapenda Apple. Kuanzia 2015, kila Juni wakati wa ule mkutano wa Apple unaitwa WWDC, wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja kupiga stori na yeye kwa kipindi chake, The Talk Show, mbele ya watu. Phil Schiller ndiye alifungua njia. Craig Federighi, yule bosi wa programu mwenye nywele, amekuja mara kadhaa. Wakati wa korona walifanya kwa mtandao. Hawakuruka mwaka.

Ungekuwa unatafuta mfano wa bloga hawezi kuwa na macho mawili kwa kampuni moja, ungemchukua yeye na uende nyumbani.

Sasa, Juni 2024 Apple ilitangaza Apple Intelligence. Ndani yake kulikuwa na Siri mpya ambayo ingejua mambo yako. Mfano walionyesha ulikuwa wa dem anauliza simu ndege ya mamake inatua saa ngapi, na Siri inachimba imeli, inacheki na safari yenyewe, inajibu. Tamu sana. Septemba iPhone 16 ikatoka, na hiyo Siri ikawa kwa matangazo, hadi moja ya TV na mwigizaji Bella Ramsey. Watu wakanunua simu wakingoja Siri. Wakangoja. Tarehe 7 Machi 2025 Apple ikasema pole, hiyo kitu itachelewa. Lile tangazo likatolewa.

Siku tano baadaye Gruber akaandika makala moja kali, na kichwa chake kilikuwa kinasema kuna kitu kimeoza pale Cupertino, ndio makao ya Apple. Hakupaka mafuta. Alisema kile Apple ilionyesha hakikuwa bidhaa, ilikuwa video tu ya vile wangetaka iwe. Na akaeleza kitu ambacho mimi nimeiba na natumia hadi leo: kuna ngazi. Ngazi ya chini kabisa ni kampuni kukuonyesha video. Inayofuata ni mfanyakazi wa kampuni kukuonyesha kitu kikifanya kazi mbele ya macho yako. Inayofuata, unashika mwenyewe wakiwa wamekusimamia. Halafu ndio watu wa nje wanapewa wajaribu bila kusimamiwa. Ile Siri haikuwa imetoka kwa ngazi ya video. Miezi tisa, na hakuna mwanahabari alikuwa ameishika.

Lakini kitu iliniguza zaidi ni vile alianza. Alisema kwa miaka karibu ishirini kwa hii kazi, hajawahi kujikasirikia kwa kukosa stori kama hiyo. Alikuwa ameona hizo ngazi zote Juni 2024. Alijua video si simu. Akaacha ipite.

Hapo ndio unaona mapenzi yakifanya kazi pande zote mbili. Mtu asiyejali Apple hangeandika hiyo makala, juu hangejua ni nini kilikuwa kimebadilika. Inabidi umekaa na kampuni miaka mingi ndio ujue kwamba zamani walikuwa wakisema kitu kinakuja, kinakuja. Lakini hiyo miaka mingi ndio ilimfanya asiulize siku ya kwanza. Alikuwa anawaamini. Hata wewe, beste yako wa primo akikuambia atakutumia doo Ijumaa, humwambii aandike karatasi.

Halafu Juni 2025 ikafika. Gruber akawaalika Apple kama kawaida. Wakakataa. Mara ya kwanza tangu 2015. Hakuna mtu alisimama akasema ni kwa sababu ya ile makala, na mimi sitawasemea. Lakini wiki hiyo hiyo wakubwa walewale walifanya mahojiano na watu wengine, kwa hivyo si ati walikuwa wamefungiwa kwa ofisi. Gruber akafanya kipindi chake na wanahabari wawili, Joanna Stern na Nilay Patel, na maisha yakaendelea.

Sasa jiulize. Yeye alikuwa na jina la zaidi ya miaka ishirini, na matangazo yake hayatoki kwa Apple. Alipoteza wageni wa siku moja kwa mwaka. Inauma, lakini rent italipwa. Je, yule dogo mwenye chaneli ya watu elfu nane, amekopa taa ya kurekodia, akinyimwa kitu na kampuni atabaki na nini?

Wacha nikufungulie jikoni kidogo. Simu ikikaribia kutoka, kampuni inapeana chache kwa waandishi na watu wa video wiki moja hivi kabla. Zinakuja na embago, yaani tarehe na saa ya kufungua mdomo. Saa ikifika, riviu zote zinatoka kwa mpigo. Ndio maana unaonanga video kumi za simu moja kwa dakika moja. Watu wote wanatafuta jina la hiyo simu siku hiyo na mbili zinazofuata, baada ya hapo wameshahama. Sasa kama haukuwa kwa ile orodha, unangoja ifike dukani, unainunua na pesa yako, unarekodi, unatoa video siku nane baadaye. Nani ataangalia? Mathe yako na bot.

Hakuna mtu anahitaji kukupea bahasha. Hiyo orodha ndio bahasha. Hakuna mtu atakuambia ukiseti mdomo vibaya utatolewa. Utagundua tu simu inayofuata haikukuja, na ukiuliza, msee wa mawasiliano atakujibu na emoji.

Najua juu nimekuwa hapo. Mwaka juzi kampuni moja, jina nitaliacha, ilinialika kwa uzinduzi kwa hoteli fulani Westlands. Chakula safi, DJ, na nauli ya teksi ya kurudi. Ukitoka unapewa mfuko, ndani kuna simu. Hakuna mtu aliniambia niandike vizuri, nataka uelewe hiyo. Mimi nilikuwa nalipwa na mhariri, kwa makala, na ile simu bei yake ilikuwa inashinda malipo ya makala kumi.

Nilikaa nayo siku nne. Kamera ilikuwa fiti, chaji ilikuwa inaingia kama maji. Nikaandika kwamba kwa hiyo bei hakuna kama hiyo. Nilikuwa pia nimeandika sentensi moja kwamba simu inashika moto ukicheza gemu kitu nusu saa. Nikaisoma. Nikaifuta. Nikajiambia ni kitu kidogo, nani anacheza gemu nusu saa? Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria uzinduzi unaofuata.

Mathe, kwa kujivunia mtoi wake, akatuma hiyo makala kwa grupu ya WhatsApp ya chama. Jirani yetu, mama anauza mitumba Gikomba, akaisoma na akanunua hiyo simu na pesa ya chama zamu yake ilipofika. Mwezi wa saba hivi, mstari wa kijani ukatokea kwa skrini, juu mpaka chini. Dukani wakamwambia waranti haigusi kioo. Akakuja kwetu Jumapili baada ya kanisa, mathe akampea chai, akakaa kidogo, halafu akaniuliza bila hata kuinua sauti, "Kijana yangu, hii simu uliandika ni nzuri, wewe uliitumia kweli?"

Nikamwambia ndio, mama. Siku nne ni kutumia, si ni kweli? Hakusema kitu. Aliangalia kikombe tu.

Na hiyo kampuni sikuwa hata naipenda, manze. Nilikuwa natumia simu ya kampuni ingine. Shabiki wa kweli labda angeandika ile sentensi ya moto, juu angekuwa anataka kampuni yake irekebishe. Cheki mashabiki wa Arsenal. Hakuna shabiki wa Chelsea anaweza kutusi Arsenal vile shabiki wa Arsenal anaitusi Jumapili jioni akiwa base. Anajua beki gani amechoka, anajua nani alifaa kuuzwa mwaka gani. Ukitaka makosa ya Arsenal, muulize huyo.

Kitu moja tu usimuulize: kama ufaa kuhama timu. Hapo hatakusaidia, na si ati anakudanganya. Hiyo swali haijawahi kuingia kwa kichwa yake. Na ndio kasoro kubwa ya bloga anayependa kampuni, kuliko hata kusifu. Atakwambia ukweli wote kwamba simu ya mwaka huu imezidi ya mwaka jana kidogo sana, usihangaike, ngoja ya mwakani. Ya mwakani ya kampuni hiyo hiyo. Kwamba kuna simu ya nusu bei kwa duka lililo kando, ambayo ingekufanyia yote unafanya, hiyo haitokei kwa riviu yake. Kwa hivyo ukisoma mtu wa aina hiyo, msome kwa makosa, halafu kwa kulinganisha tafuta mtu mwingine.

Nikilinganisha mapenzi na pesa, ni heri mapenzi mara mia. Angalia kitu ilifanyika Marekani. Google ilitaka kuuza Pixel 4 mwaka wa 2019, ikalipa watangazaji wa redio wa iHeartMedia waseme wanaipenda, vile wanapiga picha kali usiku na kadhalika, kwa sauti yao wenyewe, "mimi" na "yangu." Shida ni moja: hawakuwa wamepewa hiyo simu. Hawakuwa wameigusa. Novemba 2022 serikali, kupitia tume inaitwa FTC na majimbo kadhaa, ikawafanya Google na iHeartMedia wakubali kulipa dola milioni 9.4. Hao watangazaji hawakuwa mashabiki wa chochote. Hakuna riviu isiyo na upendeleo kama ya mtu hajawahi ona kitu, ukifikiria vizuri.

Na si ati walijifunza haraka. Agosti 2024 Pixel 9 ikitoka, masharti ya programu yao ya kupeana simu kwa watu wa mitandao, Team Pixel, yakavuja. Yalikuwa yanasema ikionekana unapendelea simu za kampuni zingine kuliko Pixel, uhusiano unaweza kuisha. Watu wakapiga kelele, Google ikasema hayo maneno yalikosea, ikayatoa. Cheza chini uone: sharti halikusema "danganya." Lilisema tu usionekane ukipenda mwingine. Kama mpenzi mwenye wivu.

Kuna kasoro ingine ambayo haina uhusiano na mapenzi wala doo, na hii inakuumiza wewe Mkenya zaidi juu simu utakaa nayo miaka mitatu, minne. Ni muda. Samsung Galaxy Note 7 ilitoka Agosti 2016 ikasifiwa kila mahali. Waliosifu hawakuwa wamehongwa. Ilikuwa simu kali kwa ile wiki waliyokaa nayo. Tarehe 2 Septemba Samsung ikaanza kuziita zirudi juu betri zilikuwa zinawaka moto, wakatoa zingine, zikawaka pia, na Oktoba wakaua simu yote. Riviu ya wiki moja inaweza kuwa ya kweli kila neno na bado ikuchome, hapa nikimaanisha kuchoma.

Na ile skendo ya betri za iPhone za 2017, unakumbuka nani aliifungua? Si wale wa orodha. Ni mwenye iPhone tu, alibadilisha betri ya simu yake ya zamani akaona mbio imerudi, akaandika Reddit. Halafu John Poole, mwenye programu ya kupima mbio ya simu inaitwa Geekbench, akachukua vipimo vya watu wengi akachora, na ikaonekana wazi iPhone zilikuwa zinapunguzwa mbio. Desemba hiyo hiyo Apple ikakubali, ikasema ilikuwa ni kuzuia simu zenye betri imechoka zisizime ghafla, ikaomba msamaha na ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mtu alinunua na doo yake, alikaa nayo, alijali. Si chuki iliwaangusha.

Kwa hivyo mimi siku hizi nikisoma riviu, hata ya rafiki, naangalia vitu vichache. Simu ilinunuliwa na nani, na kama hajasema, nachukulia hakununua. Amekaa nayo siku ngapi. Halafu hii ndio kubwa: narudi nyuma kwa kazi zake, natafuta mara ya mwisho alisema kitu kibaya kuhusu hiyo kampuni. Na sitaki kile kibaya cha uongo, "rangi ni chache" ama "hakuna chaja kwa boksi." Nataka kitu ambacho kingemfanya mtu asinunue. Kama sipati hata kimoja kwa miaka miwili, basi ama hiyo kampuni iko mbinguni, ama mimi nasoma tangazo.

Na mimi pia nimebadilisha kidogo. Kidogo, usinipigie makofi. Nikipewa simu naandika mstari wa kwanza kabisa kwamba nimepewa, na siku ngapi nimekaa nayo. Kuna kampuni moja iliacha kunialika baada ya hapo. Sijui kama ni hiyo ama ni idadi ya watu wananisoma. Kusema ukweli inaweza kuwa hiyo ya pili. Na bado kuna wakati mhariri anataka makala saa mbili usiku, simu imefika saa nane mchana, na ninaandika. Nikifanya hivyo naita "tulivyoiona mara ya kwanza," na sisemi ununue.

Aprili yule mama wa Gikomba alirudi. Msichana wake ameitwa koleji, anataka simu. Nilidhani hataniuliza tena maisha yake yote, lakini akaniuliza, mbele ya mathe. Nikamtajia mbili, nikamwambia moja nimetumia miezi mitano na kasoro zake ni hizi, ingine sijawahi kushika, nimesoma tu. Akasema sawa, twende tao.

Tukaenda Luthuli. Nilidhani tunaingia duka la simu. Akapita maduka yote akapanda ngazi mpaka kwa fundi mmoja amekaa kwa kameza kadogo na taa, akamuonyesha majina ya zile simu mbili nilikuwa nimemwandikia kwa karatasi. Fundi akaangalia, akafungua droo, akatoa kioo cha moja. Ya pili hakuwa nacho, akasema hiyo inaagizwa, unaweza kungoja wiki mbili.

"Hiki kioo ni ngapi?" mama akauliza. Akaambiwa. Akaandika kwa ile karatasi, chini ya maandishi yangu, halafu ndio tukashuka kuuliza bei ya simu.